Nyuzi na Gundi: Siri ya Boti ya Faiba

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma habari za nguvu na mikazo, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu alisimama akaniuliza swali. "Mwalimu," alisema, "watu husema ya kwamba boti za faiba hutengenezwa kwa kioo. Mbona kioo kikianguka sakafuni huvunjika vipande vipande, na boti hupigwa na mawimbi ya ziwa miaka mingi isivunjike?"

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mbili. Kwanza, lilikuwa swali zuri sana. Pili, lilinikumbusha usiku mmoja ambao mjomba wangu na vijana wake wawili waliponea chupuchupu, kwa kuwa watu walioziba boti yao hawakulijua jibu la swali hilo. Nilimwahidi mwanafunzi yule kuliandika jibu katika gazeti letu, ili na wazazi walisome, hasa wale wenye vyombo ziwani. Ahadi ni deni, nami leo nalilipa.

UKUTA WA BIBI

Kabla ya kwenda ziwani, twende kwanza Butiama. Bibi yangu alikuwa na nyumba ya fito na udongo, na kila mwaka kabla ya masika wajukuu tuliitwa kumsaidia kukandika kuta. Tulichimba udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini. Sisi tulidhani kazi imekwisha. Bibi alikataa. "Bado haujala nyasi," alisema. Basi alileta nyasi kavu zilizokatwa urefu wa kidole, pamoja na samadi ya ng'ombe, akatuamuru tuanze kukanyaga upya.

Mwaka mmoja tulifanya ujanja. Upande wa nyuma tuliukandika kwa udongo mtupu, maana tulikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Jua lilitufichua. Kabla ya mwezi kwisha, ukuta wa nyuma ulikuwa na nyufa za kuingia kidole, na mvua ya kwanza iliponyesha vipande vilianguka chini. Upande wa mbele, ambao bibi aliusimamia mwenyewe, ulikuwa na vijiufa vyembamba tu kama nywele.

Sababu yake ni hii. Udongo ukikauka husinyaa, na katika kusinyaa hujivuta wenyewe. Udongo ni hodari wa kubanwa, ndiyo maana hubeba paa. Lakini ni dhaifu mno wa kuvutwa. Unyasi nao ni kinyume chake: ukiubana hupinda, lakini ukiuvuta hushindana nawe. Ufa unapoanza, nyasi zinazopita katikati yake hushika pande zote mbili na kuuzuia usipanuke. Hata samadi ilikuwa na kazi hiyo, maana imejaa nyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuweza kuzisaga.

Bibi hakupata kusoma Fizikia, lakini alikuwa akitengeneza kitu ambacho wataalamu hukiita kompoziti, yaani kitu kimoja kilichofanywa kwa vitu viwili au zaidi vilivyoshikamana, kila kimoja kikifanya kazi ambayo mwenziwe haiwezi. Katika vitu vya namna hiyo vyenye nyuzi, nyuzi hubeba mzigo wa kuvutwa. Kitu cha pili, ambacho hapa nitakiita gundi, hushika nyuzi mahali pake, huzikinga, na kugawa mzigo kutoka uzi huu hadi uzi ule. Mti pia umeumbwa hivyo, na mfupa hali kadhalika. Nondo ndani ya zege ni ndugu zao.

JARIBIO LETU DARASANI

Baada ya swali lile tulifanya jaribio ambalo kila shule yaweza kulifanya bila gharama. Tulitengeneza vijiti vitatu vya udongo, kila kimoja urefu wa sentimeta 30, upana 5 na unene 5. Cha kwanza kilikuwa udongo mtupu. Cha pili tulikichanganya na nyuzi za mkonge zilizokatwakatwa. Cha tatu kilikuwa na nyuzi zile zile na kwa kiasi kile kile, ila nyuzi zake tulizipaka kwanza mafuta ya kupikia. Tuliviacha vyote kivulini mpaka vikakauka kabisa. Kisha kila kimoja tulikilaza juu ya matofali mawili, tukatundika ndoo katikati, na kumimina mchanga humo kikombe kimoja kimoja.

Kijiti cha kwanza kilikatika ghafula, bila kutoa onyo lolote. Cha pili kilifanya ufa upande wa chini, kikainama, lakini kilikataa kukatika. Ilitubidi tuongeze mchanga mwingi ndipo kikalegea polepole. Cha tatu ndicho kilichotufundisha zaidi. Kilikuwa na nyuzi sawa na cha pili, lakini ufa ulipotokea, nyuzi zilichomoka katika udongo kama kidole kinavyochomoka katika ugali, na kijiti kikaanguka.

Msomaji, lishike neno hili, maana ndilo kiini cha somo letu: nyuzi nzuri na gundi nzuri hazitoshi. Nguvu imo katika kushikana kwao. Penye mafuta, maji au vumbi, hapana kushikana. Na pasipo kushikana, mna vitu viwili vilivyolala pamoja tu.

KIOO KIGEUKAPO UZI

Sasa tulijibu swali la mwanafunzi wetu. Kioo huvunjika kwa urahisi kwa sababu ya mikwaruzo midogo sana iliyo juu yake, isiyoonekana kwa macho. Kikipindwa, mkazo wote hukusanyika penye ncha ya mkwaruzo, na ufa hukimbia kutoka hapo. Mwaka 1921 mhandisi wa Kiingereza, A. A. Griffith, alichapisha uchunguzi wake juu ya jambo hili. Alivuta nyuzi za kioo nyembamba na nyembamba zaidi, akaona ya kwamba kadiri uzi unavyokuwa mwembamba ndivyo kioo kinavyokuwa na nguvu zaidi kwa kila milimeta ya mraba. Uzi mwembamba hauna nafasi ya kubeba mkwaruzo mkubwa.

Katika miaka ya 1930 viwanda vya Marekani viligundua njia ya kutengeneza nyuzi hizo kwa wingi. Kioo kilichoyeyushwa hupitishwa katika matundu madogo mno, kisha huvutwa kwa kasi kikiwa bado cha moto. Uzi mmoja ni mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa kichwa chako. Uzi mpya wa namna hii, ukilinganishwa na chuma cha kawaida cha unene ule ule, hustahimili kuvutwa mara kadhaa zaidi ya chuma, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa chuma hicho.

Lakini uzi mtupu hauwezi kuwa boti, kama vile uzi wa pamba ya Bunda usivyoweza kuwa ukuta. Wahitaji gundi. Gundi itumikayo zaidi katika boti ni rezini ya poliesta. Huja ikiwa majimaji mazito kama asali, na harufu yake ni kali. Ikitiwa dawa ya kugandisha, huanza kupata joto, kisha huganda na kuwa ngumu, wala haiyeyuki tena. Rezini peke yake ni dhaifu na huvunjika upesi. Ikishikana na nyuzi, ufa unaoanza katika rezini hukutana na uzi, ukapita kando, ukakutana na mwingine, mpaka ukachoka. Hiyo ndiyo sababu boti ya kioo haivunjiki kama gilasi.

JINSI BOTI INAVYOTENGENEZWA

Fundi huanza na kalibu, yaani umbo la boti lililo wazi ndani. Kazi yake huenda kwa hatua hizi:

1. Kalibu husafishwa na kupakwa nta, ili boti isigandamane nayo.

2. Hupakwa rezini maalumu yenye rangi, isiyo na nyuzi. Hii ndiyo ngozi ya nje ya boti, na kazi yake ni kuzuia maji na jua.

3. Ngozi ikishaanza kuganda, hutandikwa mkeka wa nyuzi za kioo zilizokatwa na kulazwa ovyo ovyo. Mkeka utumiwao sana una uzito wa gramu 450 kwa kila mita ya mraba. Kila kilo moja ya mkeka huu hunywa kilo 2 hadi 2.5 za rezini.

4. Rezini huchanganywa na dawa ya kugandisha, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo, kama mtengenezaji alivyoandika. Huchanganywa kidogo kidogo, maana katika joto la huku kwetu yaweza kuganda ndani ya kopo kabla fundi hajaitumia.

5. Rezini hupakwa kwa brashi, kisha rola yenye mifereji hupitishwa kwa nguvu ili kutoa hewa. Kila povu la hewa lililobaki ndani ni mahali ambapo uzi na gundi havikushikana.

6. Hufuata tabaka nyingine, mara mkeka, mara kitambaa kizito kilichofumwa, mpaka unene utoshe. Mbavu na viti huwekwa, kisha boti huachwa igande vema ndipo itolewe katika kalibu.

Kwa nini fundi achanganye mkeka na kitambaa? Kwa sababu uzi una nguvu kwa urefu wake tu. Pasua kuni utaona: shoka hupita kirahisi likifuata nyuzi za mti, lakini kulikata gogo kwa upande ni kazi ya jasho. Nyuzi za kitambaa huelekea njia mbili na kutoa nguvu nyingi. Nyuzi za mkeka huelekea kila upande na kushikamanisha tabaka.

USIKU WA MJOMBA

Mjomba wangu huvua dagaa upande wa Bunda, katika mwalo ulio karibu na Kisorya. Kwa miaka mingi alitumia mtumbwi wa mbao, ambao kila mara ilimlazimu kuziba nyufa zake kwa pamba. Mbao nzuri zilipopanda bei, alijikusanya na wenzake wakanunua boti ya faiba iliyokwisha kutumika. Ilikuwa nyepesi, ilikwenda kasi, na haikuoza. Siku moja iligonga mwamba, ikapata ufa wa urefu wa mkono chini ya maji.

Walimwita fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Msimu ulikuwa mzuri na kila usiku wa kukaa nchi kavu ulikuwa hasara. Boti ilivutwa mchangani asubuhi. Fundi aliifuta kwa kitambaa, akabandika mikeka miwili juu ya rangi ya zamani, akaongeza dawa ya kugandisha maradufu ili iwahi, na jioni ile ile boti ikarudi majini. Kiraka kilikuwa kigumu kama jiwe na king'aavu. Wote waliridhika.

Usiku wa tatu, mbali na nchi kavu, taa zikiwa zimewashwa na dagaa wakianza kukusanyika, upepo ulivuma na boti ikaanza kupigwa. Mjomba alihisi maji ya baridi miguuni. Kiraka kilikuwa kimebanduka kizima, kama gamba la samaki. Walitupa wavu, wakachota maji kwa ndoo na kwa sufuria, huku kijana mmoja akiuziba ufa kwa shati lake na kuukalia. Boti nyingine iliyoona taa zao zikiyumba iliwafuata na kuwavuta hadi pwani. Wavu haukuonekana tena. Watu wote watatu walirudi, namshukuru Mungu.

Asubuhi nilikwenda kukitazama kiraka kile. Kilikuwa kizima. Upande wake wa ndani ulikuwa laini, umebeba rangi ya zamani kama karatasi iliyobanduliwa. Baadaye, tulipofanya jaribio darasani, kijiti cha tatu cha udongo, kile cha mafuta, kilinikumbusha kiraka hicho.

Makosa yalikuwa matatu. Kwanza, boti haikukauka. Maji yaliyojificha ndani ya ufa yalizuia rezini isishike. Pili, rangi haikukwanguliwa, hivyo kiraka kilishika rangi, hakikushika boti. Tatu, dawa ilizidi, na rezini iliyogandishwa kwa pupa hupata joto mno, hujivuta na kuwa dhaifu.

Njia iliyo sawa ni ndefu, lakini haina siri. Boti huwekwa kivulini penye upepo mpaka ikauke kabisa, na kazi hiyo yaweza kuchukua siku nyingi. Pande zote za ufa hukwanguliwa mpaka nyuzi zenyewe zionekane, zikifanya mteremko mpole: kama unene ni milimeta 6, mteremko kila upande uwe kama milimeta 72, yaani mara 12. Vumbi huondolewa, mahali pale hupanguswa kwa asetoni, kisha mikeka hutandikwa kwa tabaka na hewa hutolewa kwa rola. Boti hairudi majini mpaka rezini ikomae. Usiku chache za kukaa nchi kavu ni hasara ya fedha, nayo hulipika.

Jambo jingine wazazi walijue. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji kwa kawaida huelea, kwa kuwa mbao nyingi ni nyepesi kuliko maji. Faiba ni nzito kuliko maji, yapata mara moja na nusu. Boti ya faiba isiyo na vyumba vya hewa au povu jepesi ndani yake, ikijaa maji, huzama. Kabla ya kununua boti, uliza vyumba hivyo viko wapi, nawe uvae jaketi la kuokolea.

MKONGE WETU

Mwanafunzi mwingine aliuliza: je, yatupasa kutegemea nyuzi za kioo tu? Hapana. Mkonge ulioko kwenye mipaka ya mashamba yetu una nyuzi zenye nguvu nyingi kwa uzito wake. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutokana na hiyo michache, Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani kufikia mwanzo wa miaka ya 1960.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa utafiti wa majengo hapa Tanzania, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walijaribu kutia nyuzi za mkonge katika saruji ili kupata vigae vya paa vya bei nafuu. Vigae vipya vilikuwa imara. Lakini ilionekana ya kwamba ukali wa saruji, ambao ni kama ukali wa magadi, hula polepole kile kinachoshikanisha nyuzi za mkonge, na baada ya miaka michache kigae hurudia udhaifu wa saruji tupu. Dawa moja iliyopatikana ni kuweka majivu laini yenye silika, kama ya maganda ya mpunga, mahali pa sehemu ya saruji, ili kupunguza ukali huo. Twaona tena somo lile lile: si kila uzi hupatana na kila gundi. Leo mkonge hutumika pia na plastiki katika sehemu za ndani za magari.

Na kwa wale wanaopenda kutazama juu: ndege ya Boeing 787 ambayo Air Tanzania iliipokea Julai 2018, karibu nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizoshikwa kwa rezini. Kanuni yake ni ile ile ya ukuta wa bibi.

TAHADHARI

Vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu. Mwenye kukwangua avae miwani, glavu na barakoa. Harufu ya rezini ni sumu na mvuke wake hushika moto. Kazi ifanywe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Tena dawa hiyo isichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa nyingine iitwayo kobalti, maana hulipuka. Vigae vya zamani vya asbesto, ambavyo navyo ni nyuzi ndani ya saruji, visikatwe wala kuvunjwa ovyo, kwani vumbi lake huleta saratani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini samadi ya ng'ombe huzuia nyufa katika ukuta?

2. Kiraka cha mita moja ya mraba chahitaji tabaka tatu za mkeka wa gramu 450. Ikiwa kila kilo ya mkeka hunywa kilo 2 za rezini, na kila kilo ya rezini hutiwa gramu 10 za dawa, tafuta uzito wa mkeka, rezini na dawa.

3. Eleza kwa nini kiraka cha mjomba kilibanduka kikiwa kizima.

Jibu la swali la pili ni kilo 1.35 za mkeka, kilo 2.7 za rezini na gramu 27 za dawa. Jibu la tatu msomaji amwandikie mzazi wake, kama mzazi huyo ana boti. Mjomba amekwisha kuliandika lake kwa chaki katika ubao wa chombo chake kipya, nalo ni maneno mawili tu: "Kausha kwanza."